Nyuzi Kumi na Mbili Pale Cawburn

Jumatatu, 2 Februari
Barua ya Shangazi Hester imefika. Fupi, kama kawaida yake. Miaka arobaini na minane ya milima ya Wales imemtosha. Paa linavuja, magoti yanamsumbua, na anahama kabla ya mwezi kwisha. Atakuja kwangu Cawburn au ataenda kwa mdogo wangu Lionel, Devon, kusini kando ya bahari. Ataamua kwa hali ya hewa. Wiki hii kila mmoja wetu ampigie simu saa tatu na robo asubuhi, amsomee kipimajoto cha nje. Jumapili atatoa uamuzi.

Namtaka Shangazi. Kwanza, nampenda, na nyumba hii ina vyumba vitatu na kikombe kimoja kinachotumika. Pili, hajatokea anayecheza dhumna kama yeye. Timu ya baa yetu imebaki na watu watatu tangu Jobling ahamie Hispania. Tarehe 28 tunacheza na Thornhope. Bila mchezaji wa nne, tunaondolewa kwenye ligi.

Tatizo: Cawburn iko juu mlimani, karibu na Uskoti. Leo saa tatu, nyuzi nne chini ya sifuri. Kwa Lionel waridi huchanua Krismasi.

Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nimepata!

Jumanne, 3 Februari
Kipimajoto kimehama. Kimetoka ukuta wa kaskazini, sasa kinaning'inia kando ya tundu linalotoa mvuke wa boila inayopasha nyumba joto. Nyuzi kumi na mbili! Na bado kipo nje. Sijasema uongo hata neno moja.

Shangazi alinitaka nirudie. Akauliza, kumi na mbili, huko kwenu? Nikamwambia dunia imebadilika.

Norma Tait, jirani yangu na nahodha wa timu, alinikuta juu ya ngazi. Akauliza kama nakiogesha. Nikamweleza kuwa ni kwa ajili ya timu. Akasema timu ikijua itajiondoa yenyewe.

Jioni Lionel akapiga kujigamba. Nyuzi kumi, na mvua kidogo tu. Mvua kidogo! Soksi za yule mtu hazijakauka tangu Oktoba.

Jumatano, 4 Februari
Upepo wa mashariki. Umeupeperusha mvuke wote upande wa Norma. Kipimajoto: mbili. Aibu. Nikakifunga kwenye chupa ya mpira ya maji moto. Thelathini na moja! Hata mimi nina mipaka. Nikangoja ishuke hadi kumi na tatu.

Shangazi akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye barua. Na mvua? Nikasema kweli: hakuna tone. Sisi tuko upande wa mashariki wa milima, mawingu humwaga mzigo wao kwa wenzetu wa magharibi kabla ya kutufikia.

Akasema haiwezekani. Joto la namna hiyo mwezi wa Februari, katika kisiwa hiki, huletwa na upepo wa magharibi kutoka baharini, na upepo huo haujawahi kuja mikono mitupu. "Nimeishi chini yake miaka arobaini na minane, mwanangu. Usinifundishe."

Ananishuku. Hesabu yangu ina joto lakini haina maji. Nitarekebisha.

Alhamisi, 5 Februari
Nimerekebisha. Nyuzi kumi na mbili, mvua milimita kumi na nne. Shangazi akaguna. Nikaongeza ukungu wa asubuhi. Akaguna tena, kwa muda mrefu zaidi. Nadhani ameridhika.

Nje jua linawaka juu ya barafu. Vilima vya Uskoti vinaonekana, hata kondoo wake.

Norma alisikia yote kupitia dirisha la jikoni. "Umempa joto la uongo, sasa unampelekea na mvua ya uongo. Kesho utampa nini, Wilf, mafuriko?"

Hana jicho la mambo madogo madogo.

Ijumaa, 6 Februari
Theluji! Imeanguka usiku kucha, inafika magotini. Barabara imefungwa. Saa tatu na robo nikampigia Shangazi: nyuzi kumi na tatu, manyunyu.

Saa tano gari la kusafisha theluji likafungua njia, na nyuma yake watu wa televisheni. Walitaka mwanakijiji wa kusema maneno machache. Nilikuwa karibu. Nikasimama mbele ya baa na koleo langu, nikawaambia kumi na moja chini ya sifuri, na kwamba sisi watu wa Cawburn hata glavu tunavaa kwa adabu tu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nikajitazama kwenye televisheni. Nilipendeza. Jina langu kamili liliandikwa chini: Wilfred Harbottle, Cawburn. Nusu dakika ya furaha isiyo na doa.

Kisha simu ikalia. Namba ya Wales.

Sikupokea.

Jumamosi, 7 Februari
Nimepokea. Ililia mara kumi na saba, na Norma akagonga ukuta.

Shangazi akasema mimi ni mwongo. Nikakubali. Akasema, tena mwongo asiyejua kazi, maana anayejua kazi hasimami mbele ya kamera na koleo. Nikakubali hilo pia.

Akauliza, ile kumi na moja ni ya kweli? Ya kweli. Na jua? Tangu asubuhi, linaumiza macho. Na theluji yenyewe, ya majimaji? Kavu kama unga, Shangazi.

Nikasikia saa yake ya ukutani ikigonga kule Wales.

Kumbe baridi haijawahi kumsumbua! Baridi huvaliwa sweta, anasema, lakini unyevu hauna sweta. Ni unyevu unaomla magoti. Lionel, mjinga mkweli, alimsomea mvua siku tano kati ya tano. Devon ni Wales iliyopashwa moto. Nami Jumatano jina langu lilikatwa kwa sababu ya ile kumi na tatu, maana kwake joto la Februari ni mvua tu. "Ungenisomea ukweli Jumanne, leo ningekuwa nimeshafunga masanduku."

Ataanza kufunga leo.

Nimekaa chini. Nimesimama. Nimeenda kumwambia Norma. Alicheka hadi akashika mlango.

Jumamosi, 28 Februari
Thornhope tumewapiga! Shangazi Hester alicheza mkono wa mwisho huku akifuma soksi. Nahodha wao aliuliza huyu bibi tumemtoa wapi. Norma akamjibu kwamba ameletwa na upepo wa mashariki.

Shangazi amekuja na kipimajoto chake. Kiko ukuta wa kaskazini, kivulini, usawa wa kifua, nami nimekatazwa kukikaribia. Kuna vikombe viwili kwenye sinki.

Nimeupima mpango wangu kwa utulivu. Ulifanikiwa. Bila uongo nisingeitwa mwongo, na bila kuitwa mwongo asingeuliza ile theluji ikoje.

Jumamosi, 28 Machi
Lionel amepiga. Anakuja Pasaka na gari, amchukue Shangazi wiki mbili akaone bahari. Wiki mbili hizo hizo za nusu fainali! Akauliza hali ya hewa ikoje.

Maua ya manjano yamejaa bustanini. Shangazi amelala juu, dirisha wazi. Nikamwambia Lionel barabara imefungwa. Akataka nyuzi. Nikaenda jikoni, nikachomeka kipimajoto changu kwenye friza katikati ya njegere, nikangoja, nikasoma. Kumi na nane chini ya sifuri. Sijasema uongo hata neno moja.

"Kumi na nane, Wilf? Mwisho wa Machi?"

Nikamwambia huku ni kaskazini.

Akasema atanipigia tena, akakata. Ameamini kabisa.

Sasa simu ya Shangazi inalia huko juu. Sijui nani anamsumbua saa hii.