Kompyuta Yangu na Ng'ombe wa Mwalimu Teodora

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Siku njema! Redio ya gari niliyoing'oa kwenye pikapu bovu la shemeji Obedi imeanza kazi ofisini kwangu hapa Igogo. Waya wake nimeunganisha ndani ya kompyuta yenyewe. Hakuna betri, hakuna swichi. Kompyuta ikiwaka, muziki huo! Wateja wa kuchapiwa barua wanasubiri huku wanatikisa vichwa. Nani mwingine Mwanza nzima ana kompyuta inayoimba?

Ng'ambo ya barabara Zadok Ojwang, fundi redio, alisimama mlangoni kwake akasikiliza weee, kisha akarudi ndani. Wivu. Kibao chake kikubwa kuliko changu, basi anajiona.

Saa tisa alasiri mashine ikagoma. Skrini nyeusi, maneno mawili ya Kiingereza, na huko ndani: tk, tk, tk. Nimezima, nimewasha. Tk, tk, tk. Ni hadi diski, lile boksi la chuma linalotunza kila kitu kilichochapwa. Nimeongeza sauti ya redio ili wateja wasisikie.

Jumanne, 7 Oktoba

Bado tk tk. Tena imezidi.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. (Selina, mke wangu, kama unasoma, ni dhambi.) Ndani ya hadi diski mna kamusi ya Mwalimu Teodora Mhoja. Mstaafu. Alinifundisha darasa la nne na alinichapa kwa haki. Miaka miwili amezunguka vijijini, Magu mpaka Misungwi, akikusanya maneno ya Kisukuma ya ng'ombe: rangi, mabaka, pembe, mwendo, hata ng'ombe anayependa kutangulia wenzake ana jina lake. Maneno elfu tatu na mia mbili! Ameyachapa kwangu kwa kidole kimoja. Jumatatu ijayo kiwanda cha uchapaji kinaanza kitabu chake. Asipopeleka, nafasi anapewa mwingine.

Madaftari yake? Nilimshauri mimi ayatoe, enzi za karatasi zimekwisha. Akampa mama muuza karanga. Karanga za mtaa mzima zilifungwa kwa ng'ombe wa Usukumani.

Alikuja saa nne. Shikamoo. Marahaba. Akauliza mashine inaendeleaje. Nikasema imepumzika, mashine nazo huchoka. Akauliza zile flopi sita, visahani vya kuhifadhia, alizonipa niweke nakala ya kamusi nzima. Nikasema zipo. Na zipo kweli! Ila zina mchezo wa karata. Mwezi wa saba nilifuta kamusi nikaweka mchezo, nimpelekee afisa mmoja wa bandarini ili anikumbuke kwenye kazi zao. Alizirudisha. Hajanikumbuka.

Jumatano, 8 Oktoba

Dawa imepatikana! Jamaa mmoja wa Dar aliwahi kuniambia hadi diski ikigonga, imepata joto. Dawa yake baridi. Na baridi Mwanza hii iko wapi kama siyo kiwanda cha minofu ya sangara? Obedi anapakia samaki huko Nyakato. Nimefungua mashine kwa kisu cha jikoni, nikalitoa boksi, nikalivisha mifuko mitatu ya nailoni, huyoo Nyakato.

Obedi alikataa. Nikamkumbusha ni nani alimtafutia mchumba. Akasema mchumba mwenyewe alimkimbia. Hata hivyo akalichukua, akalizika kwenye sanduku la barafu, katikati ya minofu. Saa mbili tu, nikamwambia.

Nikaenda kunywa chai. Narudi, Obedi anakimbia uwanjani kashika kichwa. Masanduku yote yamepakiwa kwenye lori, lori linaelekea uwanja wa ndege wa Ilemela, na jioni ndege inaruka na samaki kwenda Ulaya! Mungu wangu! Nilipanda baiskeli ya mlinzi bila kuaga. Nilikanyaga mpaka mapafu yakauma. Kwa bahati lori lilipata pancha. Dereva alinitazama nikifukua samaki wa watu, akaniuliza natafuta nini. Nikamjibu kamusi. Akasogea mbali kidogo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Boksi limekauka. Linanuka sangara. Nimelirudisha ndani ya mashine, nimewasha, redio ikapiga kwa nguvu, moyo ukaruka. Nikasogeza sikio. Tk, tk, tk.

Basi! Nikaamua kulifungua lenyewe, nitazame ndani kwa macho yangu. Nilikwisha legeza skrubu mbili pale dirishani penye mwanga, mara wale wadudu wa ziwani wakaja, lile wingu lao. Mdomoni, masikioni, ndani ya chai. Selina akapiga kelele nifunge dirisha. Nikafunga, nikakaza zile skrubu mbili kwa hasira. Wadudu wana roho mbaya! Wameniharibia upasuaji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku mbaya. Mwalimu Teodora amekuja na karanga za kunitia nguvu. Akakaa. Akanisimulia habari za mzee Shimba wa Misungwi, aliyempa maneno yote ya pembe. Siku nne mfululizo mzee alikaa naye zizini akinyoosha fimbo: huyu anaitwa hivi, yule anaitwa vile. Wajukuu walikuwa wakimcheka, kwamba maneno ya nini tena siku hizi. Mzee akamwambia Mwalimu, sasa nimeyashusha, yabebe wewe. Amefariki Pasaka hii. Hakuna mwingine anayeyajua.

Akauliza tena kama mashine imeamka. Nikasema kesho. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, mwanangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alipoondoka nilishindwa kumeza hata karanga moja. Nimeona aibu. Siandiki mzaha hapa. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Selina akaniambia nichague: niende kwa Mwalimu nikaseme, au niende kwa Zadok nikaombe. Kwa Zadok! Bora niende Ulaya na samaki.

Nimekwenda kwa Zadok. Lakini kwa akili. Nikasema ninaye rafiki huko Nyakato, kompyuta yake inagonga tk tk, ananiuliza mimi, nami nina kazi nyingi. Zadok akauliza kama huyo rafiki naye kafunga redio ya gari ndani ya kompyuta. Nikasema inawezekana. Akasema Nkwabi, kesho asubuhi mwambie rafiki yako asiondoke, nakuja na mita ya kupimia umeme.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kaja saa mbili kamili. Hakucheka. Ningefurahi angecheka, ningepata sababu ya kumfukuza.

Akauliza kwanza nimekwisha fanya nini. Nikamwambia kidogo. Akanusa boksi, akaniangalia, nikamwambia yote. Akasema kwanza tushukuru sikulifungua, kwa sababu vumbi dogo tu likiingia humo, kwaheri. Nikasema ndiyo maana nilifunga dirisha.

Akachomeka mita kwenye waya wa njano. Akasema hapa panatakiwa volti kumi na mbili. Mita ikasoma tisa. Akakata waya wa redio. Kimya. Mita ikapanda: kumi, kumi na moja, kumi na mbili! Akasema diski haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa na njaa. Redio yangu ilikuwa inakula chakula chake, na kila nilipoongeza sauti niliizidishia njaa. Ile tk tk ni diski inajaribu kusimama, inaanguka.

Tukawasha. Vuuum. Skrini ikajaa. Ng'ombe wote! Wa mabaka, wa pembe zilizopinda, na wale wa mzee Shimba, hajapotea hata mmoja! Nilimkumbatia Zadok. Nikajikuta nalia. Selina naye akalia, kisha akanipiga begani na mwiko.

Zadok akasema mashine iliyopona siyo ya kuaminiwa, tunakili leo hii, kabla ya chakula. Nikasema bila shaka, ndilo nililotaka kusema.

Jumapili, 12 Oktoba

Jana nilikosa flopi mpya, maduka ya Wahindi yalikwisha fungwa. Leo baada ya kanisa Mwalimu Teodora akaja mwenyewe, akakaa kando ya Zadok. Zadok akachukua zile flopi sita za Mwalimu. Akachomeka ya kwanza. Ikatokea mizungu ya karata, wafalme na malkia, na muziki mdogo.

Mwalimu akawatazama wale wafalme. Akanitazama mimi. Lile jicho la darasa la nne. Nikatazama dari. Zadok, kwa adabu, akafuta mchezo, akanakili kamusi nzima kwenye kila moja, akazijaribu flopi zote kwenye mashine, moja moja, mara mbili. Kisha akamwomba Mwalimu aende na tatu nyumbani kwake, tatu zibaki hapa.

Mwalimu akatuambia wabeja wote wawili. Akaniacha na karanga. Leo nimekula.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kamusi imepokelewa kiwandani! Kabla ya kuipeleka, Mwalimu alipita kwangu nimchapie ukurasa wa mwisho, wa shukrani. Ameshukuru wazee, wafugaji, fundi Zadok. Kisha, mstari wa peke yake: "Namshukuru Nkwabi wa Igogo. Ndiye aliyenifanya nijue kwamba kitu cha thamani hakiwekwi mahali pamoja, wala mikononi mwa mtu mmoja."

Nimeusoma mara nne. Kitabu kizima, na mtu pekee anayetajwa kwa kufundisha jambo ni mimi! Nikamwomba aongeze "Mtaalamu" mbele ya jina. Akasema atafikiria, akatoka upesi, mabega yanatikisika. Kaguswa sana, maskini. Selina naye kasoma, kacheka mpaka kakaa chini. Furaha.

Sifa kama hii haifai kulaliwa. Mchana nimeandika barua kwa paroko mmoja wa huko Ilemela, nikaipeleka mwenyewe. Nimemwomba vitabu vyake vyote vya ubatizo, tangu wakati wa wamisionari, niviingize kwenye kompyuta yangu. Amenijibu kwamba kwanza atasali. Nimemwambia asali haraka, na vile vya zamani sana aanze kuvigawa, vinajaza nafasi bure.