Mapokezi ya Kivuli Kalenga

Napenda kuutangazia umma kwamba Kamati ya Mapokezi ya Kivuli, ambayo mimi ni Katibu wake, ilitekeleza jukumu lake kwa asilimia mia moja na nne. Wanaosema vinginevyo wana wivu.

Jambo lenyewe ni hili. Jiwe kubwa la barafu, lenye makazi yake huko nyuma ya sayari zote, lilitarajiwa kupita mbele ya nyota moja siku ya Ijumaa, saa moja na dakika arobaini na mbili jioni. Nyota ingezimika kwa sekunde kumi na moja. Kivuli chake kingeingilia Mbeya na kufika kijijini kwetu Kalenga sekunde kumi na mbili baadaye, bila hata kusimama Makambako kunywa chai. Kwa mwendo huo wa kihuni, tuliona lazima kipokewe na mgeni rasmi.

Tatizo lilikuwa Mwalimu Tupokigwe, anayefundisha fizikia hapo Kalenga. Wanasayansi wa nje walimwazima darubini na kompyuta. Akiwapelekea rekodi ya nyota ikizimika, vifaa vinabaki shuleni. Akikosa, vinarudi Jumatatu. Dada wa watu wiki nzima hakupata usingizi.

"Katibu," akaniambia, "naomba taa za jukwaani zizimwe saa moja na arobaini. Zikiwaka, kamera haioni kitu."

"Mwalimu, mgeni rasmi hakai gizani kama popo. Halafu ratiba inasema utepe unakatwa saa mbili na nusu. Liambie jiwe lisubiri."

"Halisubiri, Katibu."

"Umeliandikia barua?"

Akarudi kwenye darubini yake. Kumbe hakuwa ameandika! Ndiyo shida ya wataalamu wetu, wanadharau taratibu.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bartolomeo, alifika saa moja na robo, mapema ajabu, maana alichelewa saa mbili tu. Taa sita zikammulika. Akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene!" kisha akaanza kutambua waliohudhuria, mmoja mmoja. Saa moja na dakika arobaini na moja bado alikuwa kwenye madiwani wastaafu. Nikamwona Mwalimu machozi yakimlengalenga. Mara akajifuta, akapanda jukwaani, akaninong'oneza:

"Katibu, naona aibu kukukumbusha. Nyota inakaribia kuzimika, na hatujapanga dakika ya ukimya."

Jamani, jasho lilinitoka! Miaka kumi na tisa ya utumishi, sijawahi kusahau dakika ya ukimya. Nikampokonya Mheshimiwa kipaza sauti kwa heshima zote, nikatangaza: "Tusimame, tuinamishe vichwa, na taa zizimwe!" Meza kuu yote ikasimama. Tukainama, tukafumba macho, na Mheshimiwa akaweka mkono kifuani.

Wanakijiji, watu wasiojua itifaki, walibaki wameikodolea macho kompyuta ya Mwalimu. Ghafla wakapiga kelele: "Imezimika! Imezimikaaa!" Wakahesabu mpaka kumi na moja, wakashangilia tena. Sisi hatukutikisika. Dakika ni dakika.

Taa zilipowashwa, Mheshimiwa akakata utepe, akachungulia darubini.

"Mbona nyota ipo?"

"Imesharudi, Mheshimiwa," akasema Mwalimu, analia huku anacheka.

"Basi irudiwe."

Bibi Matilda, muuza viazi wa pale kijijini, akadakia: "Irudiwe ya nini, baba? Sisi wote tumeona. Kwani ninyi mlikuwa mnaangalia wapi?"

Nilimkemea vikali. Mheshimiwa akaagiza jina lake yeye mwenyewe liwe la kwanza kwenye fomu ya wanasayansi, yenye safu mbili za majina ya waliokuwepo, la sivyo haigongwi muhuri. Mwalimu akaliandika palepale bila ubishi, na adabu hiyo ilinifurahisha sana. Nikagonga muhuri mara tatu, kwa msisitizo.

Majibu yamekuja. Darubini inabaki Kalenga moja kwa moja. Na Mheshimiwa ametajwa! Barua niliisoma mwenyewe kwenye mkutano wa hadhara, naye ameketi mbele kakunja nne:

"Tunampongeza Mheshimiwa Bartolomeo, wa kwanza katika orodha ya waliokuwepo wasione kitu. Katika vituo vyetu vyote duniani, ndiye kiongozi pekee aliyekiri jambo hilo kwa muhuri wa ofisi."

Watu walipiga makofi na vigelegele mpaka Mheshimiwa ikabidi asimame kuwashukuru.