Oili Bado Imelala

Jumatatu, 14 Oktoba
Baridi. Nimeosha magari tangu alfajiri, vidole sivisikii. Jumapili uwanja wa mbio unafunguliwa kwa yeyote mwenye gari, kwa mara ya mwisho kabla ya theluji, na kila mwaka bosi wetu, Bi Roswitha, humpa mfanyakazi mmoja lile gari jekundu alizungushe raundi nzima. Kila mwaka anapewa Heiko, kwa kuwa kazi yake ni kuyapasha moto magari kabla wateja hawajaja kuyakodi. Mwaka huu nimeamua ni mimi. Heiko hajaambiwa.

Leo kachelewa, nikalitoa jekundu kulipasha mwenyewe. Mshale wa maji ya rejeta ukafika nyuzi tisini kabla sijatoka kijijini. Nikakanyaga mafuta. Mlio ulifika gereji kabla yangu. Bi Roswitha akauliza, Pamfil, una macho mangapi, maana mishale ni miwili: maji yako tisini, oili iko arobaini. Maji huamka mapema, akasema, oili bado imelala, na wewe unaikimbiza hata uso haijanawa. Heiko akacheka mpaka akakohoa. Nimerudishwa kwenye ndoo.

Jumanne
Mpango. Nikaliwasha gari, nikaliacha lingurume uani huku naosha mengine. Oili ipate joto bila mtu kuchoka. Jirani, mzee Engelbert, akatoka na ndara zake. Akasema nchi hii injini haiachwi ikinguruma bure, ni kosa, na kahawa yake sasa inanuka moshi. Nikamweleza napasha oili. Akachungulia dashibodi, akasema kwa mwendo huo itapata joto Krismasi.

Bi Roswitha hakukasirika sana. Kasema kesho mimi na Heiko tushindane: jekundu na jeupe, yote ya aina moja, barabara ya mji wa Adenau kwenda na kurudi, bila kukanyaga kwa nguvu. Atakayerudi na oili ya moto zaidi, Jumapili ni yake.

Jumatano
Usingizi sikupata, akili nimepata. Kwetu milimani Maramureș, baridi ikizidi, baba alikuwa akiziba rejeta kwa kadibodi, upepo usiipoze injini. Nimekata boksi la ndizi, nikalipenyeza mbele ya ile rejeta ndogo inayopoza oili. Halionekani.

Heiko karudi na sabini na moja. Mimi themanini na nane. Bi Roswitha akagonga kioo cha mshale kwa ukucha, akidhani umekwama. Kisha akanipa mkono. Heiko akauliza nimefanyaje. Nikamwambia ni wepesi wa mguu, ndugu yangu, mtu huzaliwa nao. Mchana hakumaliza soseji yake. Nikamsaidia.

Jumapili, 20 Oktoba
Nilipanga kulitoa boksi asubuhi. Heiko akasimama mbele ya gari tangu tulipofungua, mikono mfukoni, eti anajifunza. Bi Roswitha akaingia, akakaa pembeni yangu, akafunga mkanda. Tukatoka na boksi.

Raha ya kona za kwanza siwezi kuiandika. Msitu wa manjano, mteremko, gari linaimba. Kisha oili mia na ishirini. Mia na thelathini. Bi Roswitha akauliza oili hii tunakaangia chipsi au vipi. Nikapunguza mwendo. Nikafungua hita mpaka mwisho ili injini itupumulie joto lake, madirisha wazi, jasho mpaka kwenye soksi. Pikipiki zikatupita. Gari la kupigia kambi likatupita, mama mmoja ndani akatupungia na kipande cha keki mkononi. Nikampungia. Nilikuwa naendesha gari jekundu uwanjani, jamani, mwendo ni jambo dogo.

Gerejini injini ilikuwa nzima. Bi Roswitha akanusa, akapiga magoti, akavuta boksi lililoungua pembe. Akasoma maandishi ya ndizi kwa sauti. Akacheka mpaka akaketi sakafuni, Heiko naye chini. Mwakani ni Heiko tena, akasema, na mimi nisiguse kitu chochote chenye mshale.

Jumatatu, 21 Oktoba
Ndoo. Nimetafakari, kosa nimeliona: kadibodi haina swichi. Kifaa cha kupasha oili lazima kizimike mtu akitaka. Mwenye nyumba wangu, Bi Gerlinde, ana blanketi la umeme. Jioni nimeliomba. Akanihurumia sana, akauliza ni mgongo au magoti. Nikasema mgongo. Sikumwambia kuwa mgonjwa ana silinda sita.