Tovuti Yenye Adabu

Jumanne, 2 Machi 2004. Kilosa.

Bibiana kapiga simu kutoka Mikumi. Mama yake, Mama Filomena, anataka tovuti ya nyumba yake ya wageni. Watalii wanaokwenda mbugani wanapita mbele ya mlango wake, wanalala kwa jirani mwenye tovuti. Yeye ana kibao cha bati tu. Nikamwambia asihangaike kutafuta mtu. Mtu ni mimi.

Nimekaa. Nimeinuka. Nimekaa tena. Barua yangu ya posa iko kabatini kwa Mama Filomena tangu Krismasi, haijajibiwa. Kwao mwenye kauli ya mwisho si mama wala baba, ni mjomba. Na mjomba huyohuyo, Mzee Kasiani, ndiye atakayejibu barua za wageni kwenye kompyuta. Kwa hiyo ndiye atakayeipima tovuti. Nikimfurahisha kwa kazi, atanifurahisha kwa mpwa wake. Sijui kwa nini watu wanasema maisha magumu.

Bibiana kaniuliza kama nimewahi kutengeneza tovuti. Nikamjibu kwamba hata kuku wa mayai sikuwahi kufuga kabla sijafuga. Kanikumbusha kuku wale waliishia wapi. Nikamwambia laini mbaya, simsikii.

Jumatano, 3 Machi.

Nimeambiwa siko peke yangu. Timotheo naye anatengeneza. Mama Filomena atatazama zote mbili Jumamosi, kisha Mzee achague.

Timotheo anafundisha kompyuta parokiani Mikumi. Anavaa kalamu mbili mfukoni, ya tatu sikioni. Ana karatasi aliyoichapa kutoka mtandaoni, mashauri ya kutengeneza tovuti inayofuata viwango na inayotumika na kila mtu. Kaitia kwenye plastiki kama cheti cha ubatizo. Mwezi uliopita alinishikisha niisome. Kila picha iwe na maelezo ya maandishi. Maneno yasifungiwe ndani ya picha. Kiungo kiseme kinampeleka mtu wapi. Rangi zisigombane. Sauti isianze yenyewe. Nilifika hapo nikamrudishia. Mtu anayegawa siri za kazi bure ana lake jambo.

Bibiana kanisihi nizingatie hasa mjomba wake. Kana kwamba simjui. Mzee Kasiani haoni tangu ana miaka tisa. Alikuwa opereta wa simu hapahapa stesheni Kilosa, miaka ishirini na mbili, anaunganisha Kidatu na Dar es Salaam kwa kupapasa matundu ya swichibodi, hakosei. Wakaja kupunguza watu, wakampunguza. Sasa ana kompyuta ya msaada inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa.

Mimi naona hii ni bahati. Mtu asiyeona hawezi kuona kasoro.

Alhamisi, 4 Machi.

Nimezunguka meza mpaka mwenye nyumba kauliza kama nimepoteza kitu. Sijapoteza, nimepata! Nimegundua kosa la tovuti zote duniani. Hazina adabu. Unafungua, papo hapo bei za vyumba. Hodi hakuna, shikamoo hakuna. Tangu biashara zifunguliwe watu wanauziana vitu bila hata kuulizana habari za nyumbani.

Yangu itakuwa na mlango. Mlangoni picha mbili, maneno hakuna, maneno yanachosha. Picha ya kwanza kofia, maana yake wewe ni kijana. Picha ya pili bakora, maana yake wewe ni mzee. Ukibonyeza bakora, sauti yangu inakwambia shikamoo mzee, karibu sana. Ukibonyeza kofia, tunahesabu kwamba umeshatoa shikamoo, na sauti inakuitikia. Nimerekodi mara kumi na moja. Sauti imetoka nzito, ya mtu mwenye mashamba. Nimeifunga isizimike, ili mtu asiondoke salamu haijaisha.

Ndani nimeweka maandishi mekundu juu ya kijani, yanawaka na kuzima. Bei zote nimezichora kama picha, kwa herufi za kupinda. Kila mahali nimeandika bonyeza hapa.

Timotheo atakoma.

Ijumaa, 5 Machi. Mikumi.

Gari limenasa Kisanga, tope mpaka ekseli. Abiria wote tumeshuka kusukuma. Mimi nimesukuma kwa mgongo, flopi nne zenye tovuti nimezishika juu kwa mikono miwili. Mama mmoja kauliza kama nimebeba ekaristi.

Nimefika nimempelekea Bibiana aone. Kasikia sauti yangu, kacheka hadi kashika ukuta. Halafu kazitazama zile picha mbili. Kauliza mjomba atajuaje ipi kofia na ipi bakora. Nikamwambia nitakuwa nimekaa pembeni yake. Kauliza siku ambazo sitakuwa pembeni je. Nikasema nikishaoa nitakuwa pembeni siku zote. Hakucheka. Kasema anipe dakika moja tu, aweke maelezo nyuma ya kila picha, hayaonekani hata, kompyuta ya mjomba itayasoma. Nimekataa. Kitu kisichoonekana cha nini?

Kaniambia, "Oswald, jibu la posa nalisubiri na mimi, si wewe peke yako."

Nimefurahi sana. Nimetembea barabara kuu kwenda na kurudi mara tatu, hata nilichokwenda kununua sikumbuki.

Jumamosi, 6 Machi.

Naandika kabla sijavua viatu.

Mpango ulikuwa mzuri. Nilimleta mshenga wangu, Mzee Yassin, gadi mstaafu wa reli, na kanzu yake ya Idi. Nia yangu ilikuwa Mzee Kasiani akishaisifu tovuti, Mzee Yassin akohoe, aulizie ile barua ya kabatini. Sebuleni alikuwapo Mama Filomena na birika la chai, Bibiana mlangoni, Timotheo na kalamu zake. Mzee Kasiani kwenye kompyuta, mgongo wima, vidole juu ya vitufe kama bado yuko zamu. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba vizuri kabisa. Ilikuwa salamu ya mwisho kwenda upande unaotakiwa.

Flopi ikaingia. Kompyuta ikasema picha. Ikasema tena picha. Ikanyamaza. Mzee akauliza picha za nini. Nikasema abonyeze ya kulia, mzee wangu. Akasema kwenye mashine yake hakuna kulia wala kushoto, kuna ya kwanza na inayofuata. Akabonyeza ya kwanza.

Sauti yangu ikajaza sebule. "Marahaba, mwanangu! Umekua! Shule vipi?"

Mama Filomena akaacha kumimina chai. Birika likabaki hewani. Nikasema samahani, arudi nyuma. Akarudi. Mashine ikamrudisha palepale pa kwanza, akabonyeza tena. Marahaba, mwanangu, umekua. Nikarukia kipanya mwenyewe, jasho limeniingia machoni, nikabonyeza kofia. Marahaba, mwanangu. Haikuzimika, kwa sababu niliifunga isizimike. Mzee Yassin alikuwa anasoma kalenda ukutani, mwezi wa Desemba.

Mzee Kasiani akasubiri iishe. Kisha akasema taratibu kwamba ana miaka sitini na nane, na asubuhi ya leo kampa shikamoo mara tatu kijana anayemposa mpwa wake.

Laiti angenigombeza. Hakunigombeza. Akaomba kuendelea. Ndani mashine ikamsomea bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa, mara saba. Akauliza bei ya chumba. Mashine ikasema picha. Akauliza simu ya kupiga. Picha. Mama Filomena aliyeweza kuona alisema maandishi yanamtia kizunguzungu, akageuza kiti.

Zamu ya Timotheo. Ukurasa mweupe, mkavu kama karatasi ya mtihani. Kichwa cha habari, bei, simu, njia ya kufika. Kompyuta inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kizungu lakini kila kitu kilieleweka. Halafu ikasema, "Picha. Nyumba yenye bati jekundu. Nyuma yake milima ya Vidunda, kijani mpaka juu."

Vidole vya Mzee vikasimama. Akairudisha isome tena. Na tena. Akasema alizaliwa huko juu, mama yake alilima mahindi kwenye mteremko ule, na akashuka akiwa haoni. Miaka yote tangu apunguzwe kazini anakaa kwenye baraza la dada yake, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba milima inaonekana kutoka hapa. Mama Filomena akafunika uso kwa khanga. Mzee akasema yeye hakuuliza kwa sababu hakujua, na wao hawakusema kwa sababu wanaiona kila siku.

Nikasema kwenye tovuti yangu ile milima ipo pia, tena kubwa zaidi. Mama Filomena akammiminia Mzee chai.

Nimeona wivu, na nimeona aibu. Naandika kwa sababu hapa hakuna atakayesoma. Timotheo kapewa kazi. Habari ya barua haikuulizwa. Mzee Yassin alikohoa, lakini kilikuwa kikohozi cha kweli, chai ilimpalia.

Jumatatu, 8 Machi. Kilosa.

Kilosa nzima inajua. Sokoni muuza nyanya kaniitikia marahaba mwanangu kabla sijafungua mdomo. Mzee Yassin kasema harudi Mikumi mpaka sura yake isahaulike kule.

Sikai, silali mchana, chakula hakishuki. Nikimkosa Bibiana sina kitu kingine Kilosa. Kuku wamekufa, biashara ya kukodisha video imekufa, mimi nimebaki.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Liko kwenye ile kompyuta ya msaada. Kompyuta ya maana ingejua bakora.

Jumatano, 10 Machi.

Bibiana kapiga simu! Mzee Kasiani hajakataa. Kasema kijana anayeweka shikamoo mlangoni si mtu mbaya, ila hajui kuwa nyumba ina watu wengine. Kanipa sharti moja. Niandike tovuti yangu mwenyewe, ukurasa mmoja tu, niweke humo mashauri yote kumi ya Timotheo. Jumapili baada ya misa ataufungua mbele ya ukoo. Mashine yake ikiweza kumsomea mashauri yale, mshenga arudi achukue jibu, na jibu ni ndiyo. Isipoweza, barua itarudishwa ilivyo.

Bibiana kalirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mashine. Iweze. Kusoma. Kasema hata nikiandika maandishi matupu bila pambo lolote, inatosha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimejifunza.

Timotheo kaituma ile karatasi kwa basi, ndani ya plastiki yake. Kaandika kwa mkono pembeni, nikikwama nimpigie. Kapiga mstari mwekundu chini ya shauri la pili. Anajidai.

Alhamisi, 11 Machi.

Nimeanza kuchapa mashauri. Shauri la kwanza tu lina mistari sita. Nimechoka. Nimeinuka, nimefagia, nimebadilisha kiti. Nimechapa nusu ya shauri la pili, linasema maneno yasifungiwe ndani ya picha. Umeme ukakatika, yote yakapotea. Yamebaki kumi yaleyale. Kwa mwendo huu Jumapili itanikuta kwenye la tatu.

Kisha nikaiangalia ile karatasi. Nzuri, imenyooka, imeshachapwa tayari. Kwa nini nirudie kazi aliyokwisha kufanya mwingine?

Nimeshindwa kukaa. Naona njia.

Jumamosi, 13 Machi.

Imekwisha, na kesho bado!

Duka la stesheneri karibu na soko wana skana mpya. Nimeiskani karatasi yote, mashauri kumi, hata mstari mwekundu wa Timotheo umo. Imekuwa picha moja kubwa, safi, hakuna herufi iliyopotea. Hakuna atakayesema nimeruka shauri. Nimeizungushia maua yanayowaka na kuzima, lakini polepole, kwa heshima ya Mama Filomena. Juu nimeandika, tovuti hii inafuata viwango vyote.

Mlangoni nimefanya marekebisho makubwa. Kofia nimetoa. Bakora nimetoa. Sitaki kumwumiza mzee mara ya pili. Sasa ukurasa ukifunguka tu, sauti yangu inasema shikamoo mzee wangu, bila kubonyeza chochote, na inarudia kila nusu dakika mpaka aitikie. Kuitikia ni rahisi, abonyeze picha ya mkono. Hapo itafunguka picha ya mashauri. Nimeijaribu mara ishirini. Nimesoma yote kumi bila shida, kwa macho yangu mwenyewe.

Flopi nimezituma Mikumi kwa basi, kisha nimempigia Bibiana. Nimemwambia Mzee asogeze kiti karibu, ukoo wote ukae kimya wasikilize. Kauliza kama kweli yameandikwa. Nimemwambia yapo yote, neno kwa neno. Kashusha pumzi. Kasema kashona gauni, hajamwambia mtu.

Mzee Yassin nimembembeleza, kakubali. Kanzu iko kwenye pasi. Jumatatu gari la kwanza tunakwenda kuchukua jibu.