Maziwa ya Maua na Bawa la Kushoto

Jumamosi, 7 Juni 2025

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado naamka kabla yake ili nimwangalie akilala. Clement, mume wangu, seremala bora kuliko wote hapa Mbulu, anakoroma taratibu kama randa ikipita kwenye mbao laini. Nimebahatika. Sina neno lingine.

Leo sokoni nimepata kitu kitakachobadilisha maisha yetu. Mama wa vitumbua alikuwa anafungia wateja kwa karatasi za kitabu cha zamani, na kitumbua changu kilikuja na picha ya ndege. Nimenunua kitabu chote kilichobaki. Ni cha mwaka 1934, cha Kiingereza, na kinaeleza jinsi mtu yeyote mwenye msumeno na subira anavyoweza kujitengenezea ndege ya mbao ya watu wawili. Watu wawili! Yaani mimi na yeye, tumebanana, mawingu chini yetu.

Kurasa za injini ziliishia kwenye vitumbua. Si kitu. Injini tutaitafuta baadaye.

Tumegawana kazi. Clement aliishia darasa la saba, mimi nina Form Four, kwa hiyo mimi nasoma na yeye anapiga randa. Aliangalia michoro kwa muda mrefu sana, kisha akasema mbao ameziona, misumari ameiona, ila breki hajaiona. Nikamwambia angani hakuna foleni. Akakubali. Huyu ndiye mwanaume niliyeolewa naye.

Na dada yangu Letisia ajiandae. Yeye ameolewa Masakta na mume mwenye pikipiki. Siku ya harusi yangu aliniuliza, mbele ya mashangazi wote, kama nikija kuwasalimia nyumbani nitakuja kwa miguu. Nitakuja, dada. Wewe angalia juu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesoma sura ya gundi mara nne. Gundi ya ndege inatengenezwa kwa maziwa. Sijakosea, nimeangalia na kamusi. Unaengua malai, unayaacha maziwa yachachuke, unayapasha moto yakatike, unachuja, unakausha yale mabonge, unayasaga, unachanganya na chokaa na maji. Clement amesema ana gundi nyeupe ya dukani, ndoo nzima. Nimemwonyesha mstari unaosema marubani wa zamani waliitegemea gundi hii kwa uhai wao. Hakubisha.

Na maziwa tunayo, maana tuna Maua.

Maua ni ng'ombe wa baba yangu, mzee Bura wa Gehandu. Alitukabidhi pamoja na ndama wake siku ya harusi. Kwetu hilo si zawadi, ni zaidi ya zawadi. Maziwa na mbolea ni vya mfugaji, ng'ombe na ndama wanabaki kuwa mali ya mwenyewe, na mwenyewe huja kuwaangalia. Akikuta ndama amenona, heshima. Akikuta amekonda, anamfungua ng'ombe na kumpeleka kwa mtu mwingine, na ukoo mzima unajua kwamba nyumba yenu haijui kutunza kitu. Letisia alimtaka Maua kabla sijaolewa. Baba akasema amempa Clement kwa sababu anamwamini. Clement alipolisikia neno hilo alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu. Alisema ni vumbi la mbao.

Baba anakuja kumwona ndama Jumapili ya tarehe 22.

Desturi ni chuchu mbili za nyumba, mbili za ndama. Nimefikiria sana. Ndama ana mdomo mmoja. Chuchu moja inamtosha.

Alhamisi, 12 Juni

Gundi imekubali! Inanuka kama jibini lililokufa, lakini inashika. Nilibandika vijiti viwili, Clement akavuta, nikavuta, tukaanguka wote wawili tukicheka. Vijiti havikuachana.

Kila bawa lina mbavu kumi na tatu, na kila ubavu una vijiti vyembamba vingi, na kila kiungo kinataka gundi. Kwa hiyo tunakunywa strungi. Clement anainywa akiangalia pembeni, bila kulalamika. Jirani yetu Scolastica alimwuliza kwa nini siku hizi chai yake ni nyeusi na ng'ombe yupo. Akajibu kwamba maziwa yapo kazini.

Kitabu kinataka mbao iliyokauka miaka mingi, iliyonyooka, isiyo na fundo. Mbao za namna hiyo zilikuwa sehemu moja tu katika nyumba hii. Tumeng'oa chaga za kitanda chetu. Tunalala na godoro chini. Baridi ya Mbulu mwezi huu inapanda kutoka kwenye sakafu kama maji, inabidi tukumbatiane usiku kucha. Sioni hasara.

Nimepunguza kidogo tena upande wa ndama. Nusu chuchu. Ameanza kulamba ukuta wa banda. Nadhani anapenda madini.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka kanisani tumemkuta Letisia kakaa kwenye benchi letu la mlangoni. Eti alikuja Mbulu kununua sare za watoto. Jumapili, maduka ya sare yamefungwa.

Alimsalimia Clement vizuri, akanisalimia mimi nusu, akaenda moja kwa moja bandani. Akasimama mbele ya ndama, mikono kiunoni. Aliuliza, "Mdogo wangu, huyu ndama anafunga Kwaresima peke yake? Mwambieni Pasaka imeshapita." Nikamwambia ndama wa milimani ni wembamba kwa maumbile, wanapanda sana. Akaniuliza anapanda wapi, amefungwa kamba ya mita mbili.

Kisha akaomba chai. Nikamletea strungi. Akaitazama ndani ya kikombe kama mtu anayetafuta sarafu kisimani. Akasema kwake Masakta hata mgeni wa kupita anakunywa chai ya maziwa. Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba banda lake ni kubwa na lina nafasi ya ng'ombe mmoja.

Alivyoondoka nililia kidogo. Clement alisema tuache ndege wiki hii, tumpe ndama maziwa yote, baba akishaondoka tutaendelea. Maneno mazuri ya mume mwema. Lakini mbavu tisa zimekwisha na zimebaki nne. Mtu haachi bawa katikati. Nimemwambia anipe siku mbili, nitapata mpango.

Jumatano, 18 Juni

Bawa la kushoto limekamilika. Mita nne na nusu. Tumelivika mashuka yangu mawili ya harusi, yale meupe, na kuyapaka gundi ya maziwa tabaka tatu ili yakaze. Lilipokauka Clement aliligonga kwa kidole likalia kama ngoma. Akatabasamu. Nilimwona akiwa rubani kabisa, kofia na miwani. Nikashindwa kupika.

Ndama kwa upande wake anaonekana mbavu zote. Nimezihesabu. Kumi na tatu kila upande, sawasawa na bawa letu. Siwezi kumnenepesha kwa siku nne.

Mpango huu hapa. Scolastica ana ndama jike, umri uleule, kahawia vilevile, doa jeupe kwenye paji la uso vilevile, mnene kama pipa. Atatuazima kwa Jumapili moja. Clement atamrekebishia mlango wa jiko. Wetu tutamficha karakana. Baba ana miaka sabini na mbili, macho yake si ya zamani. Ataona ndama mnene, atakunywa soda, atapanda gari, heshima imebaki nyumbani.

Clement alisema baba amechunga ng'ombe miaka sitini. Nikamwambia ndiyo maana amechoka kuwaangalia.

Jumapili, 22 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi ukungu mzito, manyunyu. Tumemleta ndama wa Scolastica. Tumemfungia wetu karakana, pamoja na bawa, mlango tumeuwekea komeo.

Saa nne baba kafika, fimbo mkononi, blanketi begani. Shikamoo baba, marahaba, habari za nyumbani, habari za mvua. Clement alimshika mkono kwa mikono miwili. Baba akaenda bandani. Akamtazama ndama, akasema amependeza. Nikamkaribisha ndani, nikamwambia soda ipo.

Baba hakuingia. Aliinama taratibu, akamfungua ndama kamba, akasimama kando. Nilidhani anamnyoosha miguu. Kumbe wazee wa kwetu hawamwangalii ndama, wanaangalia ndama anaenda wapi. Maua alimnusa mara moja, akampiga teke. Ndama akageuka, akatoka nje ya lango, akakata kushoto, akaenda kwa Scolastica huku mkia uko juu. Tukamsikia Scolastica akimwambia, "Mbona umerudi mapema?"

Baba akaniuliza ndama wetu yuko wapi. Nikasema yupo matembezini. Wakati huohuo karakana ikalia, kitu kama ubao unavunjika, kisha mlio wa ndama.

Clement ndiye aliyefungua mlango. Sikumlaumu, hajui kudanganya, ni moja ya sifa zake. Ukungu ulikuwa umeingia kwa chini ya mlango na kulainisha gundi. Ndama wetu alikuwa katikati ya bawa. Ameshalamba shuka moja lote na amelimeza nusu, ubavu wa tatu na wa nne zinaning'inia, na yeye anatafuna akiwa amefumba macho kwa raha. Siku kumi na tatu za maziwa yake, ameyakuta yote mahali pamoja.

Baba akauliza hiki ni nini. Clement akajibu kwa heshima kwamba ni bawa, baba. Baba akalizunguka lote, akapima urefu kwa hatua, akauliza bawa la kuku gani. Ikabidi nimweleze. Nilieleza kila kitu, hadi mwaka 1934. Alisikiliza bila kunikatiza. Akavuta shuka polepole kutoka mdomoni mwa ndama, kama anavyotoa kamba kisimani, akanikabidhi mkononi likiwa limelowa.

Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alimwambia Clement kwamba kazi ya mikono yake ni safi, hajawahi kuona vijiti vimekatwa sawasawa vile. Kisha akaniambia, "Binti yangu, ndama hajui Kiingereza. Yeye anajua chuchu mbili." Akamfunga Maua kamba yeye mwenyewe. Kenta, lori dogo la vitunguu saumu, ilikuwa inarudi Hanang, njia ya Masakta, akaongea na dereva. Clement aliwasindikiza hadi barabarani akimbeba ndama mikononi, kwa sababu alikuwa ameshiba mno kutembea. Aliporudi alikaa kwenye benchi la mlangoni. Nilikaa naye. Macho yalikuwa mekundu tena, na leo hakuchana mbao.

Maua ameenda Masakta.

Jumanne, 24 Juni

Siku mbili za kulia zinatosha. Letisia ametuma picha kwenye kundi la familia: ndama ananyonya, chuchu mbili, alama za kopa kumi na moja na mikono ya sala. Mashangazi wote wamejibu Amina. Shangazi Fabiola ameuliza kama ni kweli tulikuwa tunamlisha mashuka.

Clement amerudi kwenye kazi za watu, vitanda na milango. Asubuhi alinikuta nimeinamia kitabu. Akaniuliza taratibu, mke wangu, bado? Nikamwambia apumzike, nafikiri tu. Akaniletea strungi akanifunika blanketi mabegani. Hakuna mwanamke aliyependwa hivi katika wilaya mbili hizi.

Nimefikiri kwa makini, bila hasira, kama nilivyofundishwa kwenye somo la fizikia. Tumekosea wapi? Gundi ilikuwa nzuri, hata ndama ni shahidi. Mbavu zilikuwa nzuri, baba mwenyewe amesema. Kosa ni moja, na ni la hesabu: ndege ina mabawa mawili na tulikuwa na ng'ombe mmoja. Ndama angenyonya vipi?

Kwa hiyo saa kumi jioni nimempigia baba. Shikamoo, marahaba. Nimemwomba radhi kwa moyo wote, na nikalia kweli. Sauti yake ikalainika. Akasema yamekwisha, mwanangu, mlikuwa wageni wa ndoa, siku moja atatuamini tena. Nikamshukuru. Nikamwambia nina ombi dogo. Sasa ninahitaji ng'ombe wawili, mmoja kwa kila bawa, na ikiwezekana waje bila ndama.

Simu ikakatika hapohapo. Nimepiga mara sita, haipatikani. Mtandao wa Gehandu nao.