Malalamiko Kuhusu Kikao cha Kunichagulia Multimita

Saltley, Birmingham
Jumatano, 7 Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Mjomba Dayib, fundi wa friji, Garissa

Assalaam alaykum Mjomba,

Naahidi kukueleza yote bila kuficha hata yale yanayomhusu Mama, ambaye ni dada yako.

Jumamosi hii shule yetu ina siku ya kutengeneza vitu vibovu katika ukumbi mmoja kule Perry Barr. Mwalimu wetu, Bi Sapna, amesema mwanafunzi mwenye multimita yake ya kupimia umeme ataketi kwenye meza ya mafundi. Asiye nayo atagawa chai. Mimi chai nimegawa tangu nizaliwe. Pesa zangu za Idi zinatosha multimita ndogo ya mkononi, nzuri na ya bei nafuu. Kinachonizuia ni familia, kama ifuatavyo:

1. Mama. Unajua nyumbani kwetu hakiingii kitu bila kuuliziwa kama mchumba. Tulipokwenda kwa Ranvir, muuza vifaa wa Acocks Green, Mama alimuuliza multimita hiyo imetoka wapi, nani amewahi kukaa nayo, na kama ina hasira. Ranvir akasema kwa adabu, "Mama, hii haina mambo mengi." Mama akanivuta nje. "Wasio na mambo mengi ndio hutoroka," akasema.

2. Shangazi Nimo. Yeye anataka iliyo kubwa kuliko zote, na amekwishaitengea nafasi katika kabati la vioo, karibu na vikombe vya dhahabu. Nilimweleza kwamba ni ya kufanyia kazi. Akanijibu, "Na vikombe ni vya kunywea. Umewahi kuona mtu akivinywea?"

3. Baba anataka inayoweza kupima umeme wa garimoshi. Mimi nataka kupima betri, na kujua kama waya wa pasi umekatika. "Siku ukiitwa kwenye umeme mkubwa utasema nini?" aliniuliza. Nikamwambia nitasema hapana, asante. Alihuzunika sana.

4. Jirani yetu, Bwana Omer, alikuja kurudisha sufuria tu. Kabla hajaketi akasema multimita za bei rahisi husema uongo. Basi Baba akaamua tununue mbili ili zichungane. Shangazi akasema mashahidi wawili wakipingana lazima awepo msuluhishi, kwa hiyo tatu. Mama akasema tatu haziwezi kuachwa bila mkubwa wao, kwa hiyo ya nne iwe ya bei ghali. Na kwa kuwa nne ni ghali mno, tumebaki bila hata moja.

Mjomba, mimi najua ninachotaka. Iwe na fyuzi ndani, itoe mlio waya ukiwa mzima, ijizime yenyewe nikiisahau, na vijiti vyake vya kupimia visiwe vya kuchezea watoto. Basi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwa kuwa neno lako ndilo hufunga kikao katika ukoo wetu, utoe amri ifuatayo: kuanzia leo hadi Jumamosi adhuhuri, mtu yeyote katika nyumba hii asimshauri mwenzake juu ya jambo lolote, hata chumvi ya mchuzi. Wageni waache maoni yao mlangoni pamoja na viatu. Atakayeshindwa kujizuia, kwanza aeleze tofauti ya volti na ampea akiwa amesimama. Mtu akishajua anachotaka, ushauri wa pili ni kelele tu.

Nisalimie Mama Mkubwa, watoto wote, majirani wa pande zote mbili, na yule mteja wako ambaye friji yake haiponi.

Ni mimi mpwa wako, mtiifu mpaka sasa,
Najmo Issack

N.B. Ili nisikosee, barua hii nimeituma pia kwa Mama Mdogo kule Nairobi, kwa binamu Daud wa Leicester, kwa Bi Sapna na kwa Ranvir mwenyewe. Wote wamejibu upesi, kila mmoja ametaja multimita yake, na kusema kweli wote wana hoja nzuri sana. Sasa sijui tena ninachotaka, na duka linafungwa Ijumaa jioni. Tafadhali jibu leo leo: kati ya walizotaja, ninunue ile ya manjano au ile ya kijivu?