Mbwa wa Milimani Mtaa wa Malindi

Jumatatu, 3 Februari 1908
Nimempatia dawa Himid! Jirani huyu kila alasiri hukaa barazani kwangu, hunywa kahawa yangu na kulisifu birika lake la maji lililojengwa uani kwake, eti Malindi nzima hakuna kubwa kama hilo. Sasa daktari wa Kizungu anakwenda Pemba mpaka Jumamosi, hana wa kumwachia mbwa wake. Nikamwambia mbwa wa milimani nawajua vizuri. (Mlima sijawahi kuuona.) Kasema mbwa akifa kwa joto, atanishitaki kwa balozi wake. Nimecheka. Himid akimwona mbwa atakimbia!

Jumanne, 4 Februari
Ya Rabi, ni ndama! Manyoya kama godoro. Himid kaja, mbwa kamtazama, kapiga miayo, kalala. Habweki, hang'ati, hachukii mtu. Daktari alinieleza kwamba kwao hufunzwa kufukua watu waliofukiwa na theluji na kuwalalia wapate joto. Sikumsikiliza. Leo nimejinyoosha baada ya chakula, nikazinduka nimelaliwa. Mate mpaka kwenye kofia!

Mke wangu, Bi Thuwaiba, kanikumbusha kuwa nguo yenye mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na mfuaji ni mimi. Mikono inawaka moto.

Jumatano, 5 Februari
Joto la kuua. Mbwa anahema, chakula hataki. Nimeogopa kweli. Nikawaza: manyoya yamemzidi. Nimemwita kinyozi Makungu. Kayaona meno, kaniachia wembe, kaenda zake. Nimenyoa mgongo peke yangu. Mbwa katulia, maskini, kisha kaniramba uso. Uso nao mara saba.

Bi Thuwaiba kasema mbwa akikaa kupita Jumamosi, yeye anahamia kwa kaka yake Jang'ombe.

Alhamisi, 6 Februari
Mbwa hayupo! Nimezunguka Malindi, Forodhani, mpaka Mnazi Mmoja. Nililia njiani, watu wananitazama. Nilishajiona gerezani.

Adhuhuri, ukelele kwa Himid. Mlango ulikuwa wazi, mbwa kaingia birikani. Maji shingoni, macho kafumba, raha tupu. Mzima! Nikamkumbatia mumo humo majini.

Himid kataka niyatoe maji yote na birika nilisugue kwa udongo. Tukaenda kwa Sheikh Saud. Sheikh kauliza kama birika linafika kulateni, kile kipimo cha maji mengi. Likifika, na maji hayakubadilika rangi wala harufu, basi hayakunajisika. Himid kageuka, kawaona watu wote aliowasifia birika lake. Mtaa mzima unamsikiliza. Mwisho kasema, kwa sauti ndogo, kuwa linapita. Sheikh akatwambia twende zetu. Alhamdulillahi! Nilitembea kama niliyetuliwa gunia la karafuu.

Jumamosi, 8 Februari
Daktari karudi. Kauliza mgongo una nini. Nikasema ndivyo wanavyonyolewa mbwa wa milimani wakati wa joto la kaskazi. Kaamini! Kanishukuru sana, kaniita Bwana Sleiman mbele za watu. Moyo mweupe. Nimelala mchana mzima bila kulaliwa na mtu.

Daktari kasema rafiki yake naye anasafiri. Ana chatu. Himid anaogopa nyoka kuliko mauti! Nimesema aletwe kesho. Bi Thuwaiba nitamwambia ni kamba ya meli.